Kinjeketile wa Ngarambe na Kinjeketile wa Jukwaani

 

Katika shule zetu za sekondari mwanafunzi hufundishwa kuikatakata kazi ya fasihi mafungu mafungu: dhamira huku, mandhari kule, wahusika upande wao. Kila mhusika hupewa sifa zake. Huyu ni jasiri, yule ni msaliti, mwingine ni mzalendo; kisha huulizwa kama ni bapa au duara, na mtihani umekwisha. Sina ugomvi na walimu, maana wana mtaala wa kufuata na madarasa yamejaa. Hata hivyo sifa ni kitu kinachobaki baada ya mtu kwisha kuamua. Kabla ya kuitwa jasiri, mtu huyo alisimama mahali fulani, siku fulani, akiwa na mambo anayoyajua na mengine asiyoyajua, akachagua. Humo ndimo ningependa tuingie leo, na mfano wangu umetoka karibu na nyumbani.

Mtu akiondoka hapa Bungu akashika barabara ya Lindi, akapita Kibiti na Ikwiriri, akavuka Mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, hachukui muda mrefu kufika upande wa Mohoro. Hapo palikuwa na boma la Wajerumani, na hapo, tarehe 4 Agosti 1905, alinyongwa mtu wa Ngarambe aitwaye Kinjeketile Ngwale pamoja na mwenzake mmoja. Miaka 64 baadaye, mwaka 1969, Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia na mzaliwa wa pwani hii ya kusini, alichapisha mchezo alioupa jina la mtu huyo. Tangu hapo tuna Kinjeketile wawili. Mwandishi mwenyewe alitahadharisha mapema kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa na asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia. Tahadhari hiyo wengi tumeiruka, kama tunavyoruka dibaji za vitabu vyote.

Tuanze na yule wa historia. Tunayoyajua juu yake yametokana kwa sehemu na maandishi ya Wajerumani, na kwa sehemu kubwa zaidi na masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960; G.C.K. Gwassa na John Iliffe walitoa baadhi yake mwaka 1968. Masimulizi husema kwamba mwaka 1904 Kinjeketile alipagawa na pepo aitwaye Hongo, akavutwa kwa tumbo hadi mtoni, akatumbukia katika kilindi, na watu wakakesha wakimlilia. Kesho yake alitoka, na nguo zake zilikuwa kavu. Tangu siku hiyo watu walianza kumiminika Ngarambe, Wamatumbi, Wangindo, Warufiji na wengine, kupokea maji. Maakida walipouliza, waliambiwa kwamba watu wanafuata dawa ya mganga kwa ajili ya mashamba na afya. Hilo lilikuwa kweli nusu. Maji yaliombewa mavuno pia. Lakini minong'ono iliyokwenda kijiji hadi kijiji, ile iliyoitwa Njwiywila, ilisema jambo jingine, yaani kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji.

Sababu za watu kuyataka maji hayo si siri. Kodi ya nyumba ilikuwa imewekwa mwaka 1898, rupia 3. Kuanzia mwaka 1902, chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, kukaja mashamba ya pamba ya lazima yaliyosimamiwa na maakida na majumbe, na kazi hiyo iliangukia msimu uleule ambao mtu alipaswa kulima shamba lake mwenyewe. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wako waliokataa kuyapokea. Na kiboko kilikuwapo siku zote.

Sasa tazameni jambo ambalo masimulizi yanalikazia na ambalo mimi naliona kuwa fundo la habari yote. Kinjeketile aliwaambia watu wangoje. Wapokee maji, wajifunze mazoezi, warudi makwao, walime, hata watii, mpaka atakapotoa amri mwenyewe. Mwaka ukapita. Amri haikutoka. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete walichoka kungoja, wakaenda katika shamba la pamba wakang'oa miche michache. Kung'oa miche ile kulikuwa sawa na kutangaza vita, nao walijua hivyo. Akida wa Kibata akashambuliwa, na moto ukasambaa.

Kwa nini hakutoa amri? Hapa historia inanyamaza, na Ebrahim Hussein akaona mlango wa kuingilia. Katika mchezo wake, Kinjeketile akiwa katika hali ya kupagawa anatamka kwamba watu wake watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anapozinduka na kuambiwa alichosema, shaka inamwingia. Ni pepo gani huyu anayetuahidi kumfukuza bwana mmoja ili tuwekwe chini ya bwana mwingine? Seyyid Said, sultani wa Unguja, alikuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1856, lakini jina lake lilikuwa jina la utawala, la kodi na la misafara. Kinjeketile wa jukwaani anatambua ghafla kwamba sauti aliyoitumikia huenda si sauti ya uhuru. Kuanzia hapo anaahirisha. Watu wanamwuliza lini, naye anasema bado. Wanamwona kama mtu mwenye hekima anayepima wakati, kumbe ni mtu anayetetemeka ndani.

Nawasihi vijana wanaosoma kitabu hicho kwa ajili ya mtihani wasipite hapa haraka wakaandika tu kwamba mhusika ana wasiwasi. Mbele yake kulikuwa na njia tatu. Angeweza kusimama hadharani akasema kwamba hana hakika tena na maji. Hapo umoja wa makabila ambao haujapata kuonekana ungevunjika siku hiyohiyo. Angeweza kutoa amri na kuizika shaka yake. Au angeweza kungoja, na ndilo alilochagua. Kungoja huonekana kuwa kutochagua, ila si kweli. Wakati yeye anangoja, watu wanaendelea kuyaamini maneno yake, maji yanaendelea kugawiwa, na mamlaka ya jambo lile yanatoka mikononi mwake kidogo kidogo hadi siku ambapo wengine wanaanza vita bila kumwuliza. Hapo anatambua kwamba neno alilolitoa kinywani limekuwa kubwa kumpita yeye.

Aristotle, ambaye sisi tuliopita seminarini tulilazimishwa kumsoma tukiwa na usingizi, anatoa mfano wa mabaharia wanaotupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Je, wametupa kwa hiari? Hakuna mtu mwenye akili anayetupa mali yake kwa kupenda. Lakini dhoruba ikishapiga, kutupa ndiyo busara. Tendo lile ni mchanganyiko, asema, ila linakaribia zaidi kuwa la hiari, kwa sababu mkono unaoinua gunia ni wa mtu mwenyewe. Wenzetu wa visiwa vya delta wanaosafirisha magogo na mchele kwa mashua wanauelewa mfano huo kuliko nilivyouelewa mimi darasani. Kinjeketile wa mchezo ni nahodha aliyeiona dhoruba mapema, na shehena yake ni imani ya watu. Hakuitupa, na chombo hakukigeuza.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaongeza jambo linalotusaidia. Dhamiri iliyokosea humfunga mtu, asema. Lakini haimwondolei lawama kila mara, kwa kuwa lazima tuulize kama ujinga wake ungeweza kuondolewa. Kwa hiyo maswali ni mawili: alijua nini, na angeweza kujua nini? Tukimwuliza hivyo Kinjeketile wa jukwaani, hatoki salama. Alishuku, na aliyeshuku hawezi kusema hakujua. Tukimwuliza yule wa Ngarambe, jibu ni tofauti kabisa, na hapa ndipo kuwachanganya wawili hawa kunamdhulumu mmoja wao.

Maana yule wa historia alinyongwa vita vikiwa na umri wa siku chache tu. Shambulio kubwa la Mahenge, ambako maelfu walikwenda wima mbele ya bunduki za rashasha wakiamini maji, lilitokea tarehe 30 Agosti 1905. Yeye alikuwa kaburini karibu mwezi mzima. Hakuona maji yakishindwa. Imeandikwa kwamba pale Mohoro mmoja wa wale wawili walionyongwa alisema kumuua hakutasaidia kitu, kwa kuwa dawa ilikwisha kufika Kilosa na Mahenge. Ni maneno ya mtu asiye na shaka, au ya mtu mkaidi mbele ya adui. Vyovyote iwavyo, si maneno ya yule mtu mwenye huzuni tunayemwona jukwaani. Anayetaka kuwatafuta waliochagua wakiwa wameona ushahidi awatafute wale waliogawa maji baada ya Mahenge. Nao walikuwa na jibu tayari: waliokufa walivunja miiko. Jibu la namna hiyo halishindwi kamwe, na kwa sababu hiyo linatisha.

Tamthilia inampeleka Kinjeketile mahali ambapo historia haikumpeleka. Anaishi hadi kushindwa. Amefungwa, amepigwa, na Wajerumani wanamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Tuseme wazi: ni uongo kweli, naye anajua. Kwa nini basi asiseme? Anakataa, kwa hoja kwamba akisema hivyo, watoto na wajukuu wataambiwa kuwa kila kitu ambacho baba zao walikipigania kilikuwa uongo.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama Mkristo anaweza kumsifu mtu anayeukingia uongo kifua. Jibu langu ni kwamba ofisa wa Kijerumani hakuwa akiuliza swali moja. Alikuwa ameunganisha mambo mawili katika fundo moja kwa makusudi: kwamba maji hayazuii risasi, na kwamba watu hawakuwa na haki ya kukataa pamba, kodi na kiboko. La kwanza lilikuwa kweli. La pili lilikuwa uongo mkubwa kuliko uongo wa maji. Angekiri la kwanza chini ya kamba zile, wangeandika kwamba amekiri yote mawili. Hakusema kwamba maji ni kweli. Alikataa tu kutia sahihi katika karatasi iliyoandikwa na mwingine. Mfungwa hana wajibu wa kumsaidia mtesi wake kudanganya. Lakini sitamfanya malaika, maana ukweli juu ya maji aliwiwa na watu wake, si na Wajerumani, na alipokuwa huru kuwaambia hakuwaambia. Ujasiri wake ulikuja mbele ya adui baada ya kukosekana mbele ya ndugu. Wengi wetu tuko hivyo.

Haikuwa mara ya kwanza Afrika kuona jambo la namna hii. Katika miaka ya 1856 na 1857 binti wa Kixhosa huko Afrika Kusini, Nongqawuse, alileta ujumbe kwamba ng'ombe wote wachinjwe na nafaka ziharibiwe, ili wafu wafufuke na wazungu wasombwe baharini. Inakadiriwa watu kama 40,000 walikufa kwa njaa. Yeye alinusurika. Naona ni jambo la kufikirisha kwamba katika habari ile anayelaumiwa daima ni binti mdogo, wakati wakubwa walioamua kumwamini, na wakubwa wa Kiingereza waliotumia njaa ile kuchukua ardhi na vibarua, hutajwa kwa sauti ya chini.

Ndivyo ilivyo kwetu pia. Tukijadili Majimaji hukaa siku nzima tukibishana juu ya maji ya mtu mmoja, tukawaacha waliochagua wakiwa na ramani na hesabu mezani. Mwezi Oktoba 1905 ofisa mmoja wa Kijerumani, Kapteni Wangenheim, alitoa rai kwamba ni njaa tu itakayoleta utii wa mwisho. Rai hiyo ilifuatwa. Maghala yalichomwa, mashamba yakaharibiwa, mbegu zikachukuliwa. Makadirio ya Wajerumani yalitaja waliokufa kuwa 75,000; Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa na maradhi yaliyofuata. Gavana von Götzen aliondoka mwaka 1906 na mwaka 1909 akachapisha kitabu juu ya uasi ule. Kapteni yule hakupagawa na pepo. Huyo ndiye mhusika ambaye kwa kipimo cha Mtakatifu Thoma hana pa kujificha, naye hayumo katika maswali ya mtihani.

Wapo na wengine ambao mchezo haukuwa na nafasi ya kuwaingiza. Askari waliofyatua bunduki Mahenge walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa. Mtemi Kiwanga wa Ulanga alichagua kusimama na Wajerumani. Alikuwa na maadui zake wa zamani, na aliyapima mambo kwa mizani aliyokuwa nayo. Neno msaliti ni jepesi kulitamka leo, wakati ambapo hakuna anayekuja usiku kugonga mlango kuuliza uko upande gani. Sisi wa Bungu na Kibiti tunapaswa kuwa wa mwisho kulitamka kwa wepesi. Kati ya miaka 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na vitongoji katika eneo letu hili waliuawa mmoja baada ya mwingine, na tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa shambulio moja. Kila aliyekuwapo anakumbuka ilivyokuwa kuchagua kati ya kusema na kunyamaza, huku hujui ni nani anayesikiliza, wala upande upi utakufika kwanza.

Na sisi Wakatoliki tumo katika habari hii, si kama watazamaji. Tarehe 14 Agosti 1905, siku kumi baada ya kamba ya Mohoro, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa Mikukuyumbu karibu na Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa safarini kutoka pwani. Tunawakumbuka kama mashahidi, na ni haki. Ila mwanahistoria atatuuliza kwa nini watu waliona msalaba na boma kuwa kitu kimoja, nasi hatuwezi kujifanya hatujui. Huko Peramiho, miaka michache kabla ya vita, Padre Franziskus Leuthner aliichoma moto nyumba ya mizimu ya Nkosi Mputa Gama. Bila shaka aliamini kwamba anamtumikia Mungu. Padre huyo naye aliuawa katika vita.

Mputa Gama alikamatwa. Tarehe 27 Februari 1906 yeye na wakuu wengine wengi wa Wangoni walinyongwa Songea. Kabla ya kunyongwa, Padre Johannes Häfliger aliingia gerezani kuwafundisha, na 31 kati yao walikubali kubatizwa. Nimeyarudia maelezo hayo mara nyingi. Kama padre, najua kwamba nami ningeingia gerezani mle. Hakuna anayeweza kumwambia padre asiende kwa mtu anayekufa. Lakini ni hiari ya namna gani ile, kamba ikiwa imekwisha kufungwa, na mbatizaji akiwa wa taifa moja na mnyongaji? Mabaharia wa Aristotle walikuwa na kitu cha kutupa. Watu hawa walikuwa wamepoteza kila kitu, na pengine kwa sababu hiyo walichagua kwa uhuru kuliko sisi tunavyodhani, pengine sivyo. Wengine walikataa, na wao pia walikuwa wamemsikiliza padre yuleyule.

Mwaka 1969 huohuo ambao Kinjeketile alichapishwa, Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Juliasi Kaizari iliyosahihishwa, na ndani yake kuna Bruto, mtu mwema aliyemchoma kisu rafiki yake kwa ajili ya Roma bila kujua kesho italeta nini. Ningependa kumweka pembeni ya Kitunda, yule kiongozi wa wapiganaji katika mchezo wa Hussein ambaye vijana wengi humpenda kuliko Kinjeketile mwenyewe, kwa kuwa yeye hufanya kazi wakati mwenzake anafikiri. Nafasi ya leo haitoshi. Kitunda nitamrudia juma lijalo, Mungu akipenda, na wenye kitabu waje wamekisoma hadi mwisho.